Mama yuko Likoni, ploti iko Kilifi, kazi iko Maryland: je, nitapata kibali cha usalama?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa 14 Marekani, na uraia niliapa 2019. Nina mtoto mmoja, na nyumba tunayoilipia mkopo tangu 2021. Kampuni moja yenye kandarasi za Wizara ya Ulinzi imenipa kazi ya mitandao ya kompyuta, kwa sharti nipate kibali cha usalama cha ngazi ya Siri, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Mama yangu yuko Likoni, namtumia dola 300 kila mwezi. Kaka yangu ni askari polisi Nakuru. Nina ploti Kilifi niliyoinunua kwa shilingi milioni 1.8, akaunti ya benki Mombasa tuliyoifungua mimi na mama, hisa kidogo za Safaricom, na mimi ndiye mweka hazina wa chama cha wasichana tuliosoma pamoja. Pasipoti ya Kenya bado ninayo. Rafiki yangu amenishauri nihamishe ploti iwe jina la kaka, na nipunguze kumpigia mama simu hadi kibali kitoke. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na ploti, maana katika yote uliyoandika, hilo ndilo linaloweza kukuharibia kweli, na linaweza kukuharibia wiki hii. Usiihamishe.

Fomu utakayojaza inaitwa SF-86. Sehemu yake ya 20 haiulizi kama leo unamiliki ardhi nje ya Marekani. Inauliza kama umewahi kumiliki, wakati wowote maishani, wewe au mumeo au watoto wako, na inauliza tena kama kuna mtu anayekushikia mali kwa niaba yako. Kwa hiyo hata ukiihamisha kesho, ploti itaandikwa vilevile. Kitakachoongezeka ni swali la mchunguzi atakapokaa nawe mezani: mbona umeihamisha mwezi uleule uliopewa kazi? Na utamjibu kwamba umempa kaka yako, ambaye ni mtumishi wa jeshi la polisi la nchi ya kigeni. Ulikuwa na kiwanja cha kawaida, sasa una mali inayoshikiliwa na afisa wa serikali nyingine. Ukiamua kutoiandika kabisa, hapo umeingia kwenye sheria ya jinai: kusema uongo kwa serikali kuu ya Marekani kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 5. Rafiki yako anakutakia mema, lakini ushauri wake unageuza jambo dogo kuwa kubwa.

Nimewasaidia watu wetu kujaza fomu hii kwa miaka mingi, na wengi huja na hofu moja: kwamba kuwa na mama nyumbani ni doa. Si doa. Ila ni lazima uelewe wanatafuta nini, maana ukielewa hilo utajua la kusema.

Kibali si haki ya mtu yeyote. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo 1988 katika kesi ya Egan, na kipimo ni kwamba iwe wazi kabisa kuwa kukupa kibali kunaendana na usalama wa taifa. Shaka ikibaki, inaamuliwa upande wa taifa, si upande wako. Vigezo vimeandikwa katika waraka unaoitwa SEAD 4, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Ndani yake kuna miongozo 13 yenye herufi kuanzia A hadi M. Wako mkubwa ni B, unaohusu ushawishi wa kigeni. Utaguswa pia na C, unaohusu kupendelea nchi nyingine, na F, unaohusu fedha.

Mwongozo B kiini chake ni hiki: je, kuna mtu anayeweza kupitia kwa mama yako ili akufikie wewe? Amtishe mama, amfunge kaka, aishike ploti, kisha akupigie simu aseme, tupe faili fulani tuwaachie. Ndiyo maana nchi yenyewe ina uzito. Mtu mwenye wazazi China, Urusi au Iran hubeba mzigo mzito mno, hata akiwa raia mwema kiasi gani, kwa sababu serikali zile zinajulikana kuwinda siri za Marekani na kuwabana watu walio chini yao. Kenya haiko kwenye kundi hilo. Ni nchi rafiki, na Juni 2024 Marekani iliipa rasmi hadhi ya mshirika mkuu wa kijeshi asiye mwanachama wa NATO.

Lakini usiende umelala. Waamuzi huangalia ugaidi pia, na Pwani yetu wanaijua. Wanaukumbuka mlipuko wa Nairobi na Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998. Wanakumbuka Manda Bay, kule Lamu, ambako tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliwaua Wamarekani watatu. Likoni nako, Machi 2014, watu wenye bunduki walishambulia kanisa. Mchunguzi akikuuliza kama mama yuko salama, usijibu kwa hasira kana kwamba amekutukania mtaa. Mweleze mama anaishi na nani, amekaa hapo miaka mingapi, na kwamba hajawahi kufuatwa na mtu yeyote akiuliza habari zako. Kama amewahi kufuatwa, sema.

Jambo jingine: usijaribu kuwaonyesha kuwa wewe na mama hamko karibu. Waamuzi huanza na dhana kwamba mtu anawapenda wazazi na ndugu zake, na ni kazi bure kushindana nayo wakati unatuma dola 300 kila mwezi. Hoja yako ipo kwingine. SEAD 4 inakubali kwamba mtu anaweza kuwapenda wa nyumbani na bado akawa na mizizi mirefu Marekani kiasi kwamba, akibanwa, atachagua Marekani. Mizizi hiyo unayo: miaka 14, kiapo, mtoto shuleni, nyumba, kodi unazolipa, akiba ya uzeeni kama unayo, kamati ya wazazi, msikiti au kanisa lako, jirani aliye tayari kukutolea ushahidi. Ukae nayo tayari kwa karatasi. Watu wetu huona aibu kujisifu, wakiulizwa wanasema "nipo tu, nafanya kazi". Hapa sema yote.

Sasa kaka. Fomu itakuuliza mwajiri wa kila ndugu asiye raia wa Marekani, na kama ana uhusiano wowote na serikali, jeshi, usalama au ujasusi wa nchi ya kigeni. Jibu ni ndiyo. Andika cheo chake na kituo chake kama unavyovijua. Askari wa kawaida wa kituo hawamtazami kama mtu wa idara ya ujasusi, lakini ni lazima ajulikane. Na kuanzia leo, kwa usalama wake na wako, msizungumzie kazi zenu kwenye simu. Akihamishiwa idara ya ujasusi baadaye, mpashe habari afisa usalama wa kampuni yako mara tu unapojua.

Nakuja kwenye jambo ambalo nimeliona likiwaponza Waswahili kuliko ploti na pasipoti. Ni lugha yetu ya undugu. Sehemu ya 18 ya fomu inataka jamaa wa aina zilizotajwa: baba, mama, baba na mama wa kambo, walezi, watoto, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, ndugu wa kambo, wakwe. Hata waliofariki wanaandikwa. Sasa sisi binamu tunamwita kaka. Mama mdogo tunamwita mama. Kijana mmoja niliyekaa naye aliandika ndugu wanne. Siku ya mahojiano, akisimulia utoto wake kwa furaha, akataja "kaka zangu saba". Mchunguzi akaacha kuandika, akainua macho. Watatu walikuwa watoto wa baba yake mkubwa, waliolelewa naye nyumba moja. Hakuwa ameficha kitu, lakini alitumia saa nzima kuthibitisha hivyo, na wale watatu ilibidi waandikwe mahali pengine.

Mahali hapo ni sehemu ya 19. Inataka kila mtu asiye raia wa Marekani uliyekuwa karibu naye au unayewasiliana naye mara kwa mara katika miaka 7 iliyopita, mkiwa mmefungwa na mapenzi, ushawishi, jambo la pamoja au wajibu. Mama mdogo aliyekulea Likoni, shangazi unayemlipia dawa, binamu wa Muscat mnayetumiana sauti kila Ijumaa, wote ni wa 19. Halafu kuna lile ambalo wengi hulikwepa kwa heshima ya familia: kama baba aliwahi kuwa na mke mwingine, huyo ni mama wa kambo na watoto wao ni ndugu zako wa baba mmoja, hata kama hamsalimiani. Waandike. Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari uchore ukoo wako wote, kila mtu na jina lake la kwenye kitambulisho, si lile la nyumbani. Aliyezaliwa "mwaka wa njaa" mkadirie. Fomu ina kisanduku cha kuonyesha kuwa tarehe ni ya kukisia, nacho kimewekwa kitumike.

Chama kina wanachama wengi, na si kila aliye kwenye kundi la WhatsApp ni mtu wako wa karibu. Waandike wale mnaopigiana au kuandikiana nyinyi wawili, na chama chenyewe mweleze mchunguzi: kinafanya nini, kinakusanya kiasi gani, wewe una kazi gani ndani yake. Ukishindwa kuamua kama mtu aingie au asiingie, mwingize. Sijaona mtu aliyenyimwa kibali kwa kuandika majina mengi mno.

Tuhesabu pesa. Dola 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka. Fomu itakuuliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, nawe utajibu ndiyo, mama, kiasi hiki, kwa ajili ya matumizi na matibabu. Kumtunza mzazi hakuna anayekulaumu. Pakua historia ya miamala kwenye programu unayotumia kutuma, uihifadhi. Pesa zilizopitia mikononi mwa msafiri zitaje hivyohivyo, bila kuzipamba.

Ploti ya milioni 1.8, kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, ni kama dola 14,000. Waamuzi hupima kwa uwiano: mali ya nje ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na uliyo nayo Marekani? Mtu mwenye ghorofa tatu za kupangisha Nyali na chumba cha kukodi Maryland ana la kueleza. Wewe una nyumba hapa na kiwanja cha kujengea mama. Hisa za Safaricom taja idadi na thamani yake. Hizo ndogo hazimsumbui mtu.

Kinachonitia wasiwasi katika fedha zako ni akaunti mbili. Raia wa Marekani akiwa na akaunti za nje ambazo, zikijumlishwa, zilivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anatakiwa kuwasilisha taarifa inayoitwa FBAR kwa Wizara ya Fedha. Siku yake ni tarehe 15 Aprili, na muda huongezwa wenyewe hadi 15 Oktoba. Akaunti ya pamoja na mama inahesabiwa yote, hata kama pesa zote ni zake. Na hapa wengi hawajui: akaunti ambayo una mamlaka ya kutia sahihi nayo inahesabiwa, hata kama hakuna senti yako ndani. Wewe ni mweka hazina. Kama sahihi yako iko benki kwa niaba ya chama, na chama kikawa na milioni moja na nusu mwezi wa Desemba kabla ya kugawana, wewe peke yako ulitakiwa kuitoa taarifa hiyo. Nenda kwa mtu wa kodi anayeijua FBAR, mpe taarifa za benki za miaka iliyopita, na kama ulikosa, uwasilishe kwa kuchelewa sasa, pamoja na maelezo, kabla hujaulizwa. Ploti yenyewe haiingii kwenye FBAR.

Na usisahau mwongozo F. Sababu inayowanyima watu wengi zaidi vibali ni madeni, si ndugu wa nje. Nimewaona watu waliolipia misiba, ada na harambee za nyumbani huku kadi zao za mkopo zikienda kwa wakusanya madeni. Moyo wao ulikuwa safi, lakini mtu mwenye deni lisilolipwa ni mtu anayeweza kununuliwa, ndivyo wanavyoona. Toa ripoti yako ya mkopo wiki hii, uisome mstari kwa mstari. Ukikuta kitu, panga malipo, uweke ushahidi.

Pasipoti usiichane. Zamani watu waliambiwa waisalimishe au waiharibu. Tangu waraka wa 2017, uraia wa nchi mbili peke yake haukuondolei sifa. Kinacholeta tatizo ni kuuficha, au kuingia na kutoka Marekani kwa pasipoti nyingine badala ya ile ya Marekani. Iandike namba yake kwenye sehemu ya 10. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inasema mzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine, kwa hiyo ulipoapa 2019 ulibaki Mkenya, ila sheria ya uraia ya 2011 inataka ujitangaze ndani ya miezi mitatu. Kama hukufanya hivyo, malizana nao. Na usikimbilie kuukana uraia wa Kenya ili uwapendeze waamuzi. Hawakudai, na Mkenya akiacha kuwa raia, ardhi yake ya milki kamili hugeuka kuwa ya kukodi isiyozidi miaka 99. Kama ulipiga kura ya Kenya 2022 pale Washington, jibu ndiyo kwenye swali la kura, na uwe tayari kueleza kwa nini, kwa sababu hilo linagusa mwongozo C.

Niwageukie kidogo ndugu zetu wa Tanzania wanaosoma hapa, kwa sababu hali yao si hii. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania aliyeapa Marekani kisha akaendelea kusafiri kwa pasipoti ya Tanzania ana tatizo la ukweli, si la undugu, na aanze kulisafisha kabla ya fomu. Pia, kwa kuwa kwa miaka mingi asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi kule isipokuwa kwa uwekezaji, wengi wameweka viwanja vyao kwa majina ya wadogo zao. Hivyo ndivyo fomu inavyovitafuta inapouliza mali unayoshikiwa na mtu mwingine. Viandikeni.

Usishangae ukikosa kibali cha muda. Wenye jamaa wengi nje mara nyingi husubiri uchunguzi wote uishe, na kukosa cha muda hakumaanishi umekataliwa. Wakiwa na mashaka watakutumia barua ya sababu, ikitaja jambo moja baada ya jingine. Kwa wafanyakazi wa makandarasi siku za kujibu kwa kawaida ni 20 tangu uipokee, na una haki ya kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri ya vibali. Ikifika, tafuta wakili siku hiyohiyo. Hukumu za DOHA huchapishwa mtandaoni bila majina. Jioni moja tafuta zenye neno Kenya uzisome, uone majaji wanavyopima mama, shamba na kaka.

Ukishapata, kazi ya kuripoti inabaki. Safari ya kwenda Mombasa unaitoa taarifa kabla hujaondoka, si ukirudi. Uhusiano mpya wa karibu na mtu asiye raia, pasipoti mpya ya nchi nyingine, mtu anayekuulizauliza kuhusu kazi yako, vyote vinakwenda kwa afisa usalama. Muulize siku ya kwanza akupe orodha ya ngazi yako kwa maandishi.

Limebaki lile la simu. Hapana, usiache kumpigia mama. Mchunguzi akigundua ulikuwa ukipiga mara kwa mara, kisha kimya cha ghafla baada ya kupewa kazi, atataka kujua mnaficha nini. Na mama atadhani umeugua. Endelea kumpigia kama kawaida. Jumamosi hii ukimpigia, uwe na daftari: muulize jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka aliozaliwa na wapi, majina kamili ya wake wa baba na watoto wao, na benki gani hasa ina sahihi yako. Mwambie ni fomu za kazi. Likimtia simanzi jina la marehemu, mpe nafasi, uliandike baadaye.